Simu ya Alhamisi, Saa Tisa

Ndugu waombolezaji, mama tunayemsindikiza leo, ambaye wenzake wa chumba cha habari walimwita Dada Tarehe kwa kuwa hakupokea habari isiyo na siku na saa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, sekondari hadi 1978, kisha chuo cha uandishi wa habari, alikohitimu Novemba 1983.

Tarehe 2 Januari 1984 aliajiriwa gazetini kama msahihishaji, na mwaka 1991 akakabidhiwa ukurasa wa wanawake, uliokuwa wa mitindo ya nywele, naye akaujaza habari za wajane waliofukuzwa majumbani na wake waliovunjwa mikono. Alikuwa amefunga ndoa tarehe 15 Agosti 1987 na mpiga chapa wa gazeti hilohilo, wakajaliwa mabinti wawili.

Tarehe 14 Juni 2017 kibali chake cha uandishi kilifutwa, ukurasa ukafungwa, na wiki hiyohiyo waya wa simu ya nyumbani ukakatwa nguzoni, ncha yake ikabaki ikining'inia nje ya dirisha, kila mgeni aliiona. Alhamisi iliyofuata, saa tisa alasiri, marehemu alinyanyua mkono wa simu, akauliza, "Ehe, dada, tarehe ngapi?" akaanza kuandika daftarini. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, simu hiyo imekufa." Akajibiwa, "Basi nyamaza, anaongea polepole."

Kwa karibu miaka sita aliandika majina arobaini na moja, kila jina na mtaa wake na tarehe, na tarehe zote zilikuwa za siku zijazo. Akiongozana na wakili, rafiki yake, aligonga mlango mmoja baada ya mwingine, na wanawake hao wote walikuwepo, ila hakuna aliyewahi kumpigia. Thelathini na wanane walikubali kuondoka mapema kwa waume zao. Watatu walicheka, wakamkaribisha chai, na tarehe zao zikatimia, tukawazika. Maofisa walikuja mara nne kulitaka daftari, akawaambia hana kibali cha kuandika, daftari atalitoa wapi.

Februari 2023 alianza kusumbuliwa na figo, akalazwa, na akafariki dunia Alhamisi, tarehe 18 Mei, saa tano asubuhi. Saa tisa alasiri siku hiyo binti yake mkubwa, aliyeandika historia hii, alipita karibu na simu, akainyanyua.

Jina la arobaini na mbili lina tarehe ya kesho. Mwenyewe yupo hapa kati yetu, hatutamtaja, tunamwomba tu asicheke, na asirudi nyumbani leo, wakili ameketi karibu na mlango.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani walioshinda nasi, na waandishi wenzake waliokuja ingawa walionywa. Pumzika kwa amani, mama, dada huyo tunaondoka naye.