Daktari Jovinary Byabato na Kesi ya Mbwa Jimi

Ndugu, majirani na marafiki mliofika hapa Buswelu kutushika mkono, huyu tunayemsindikiza alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa tatu wa Mama Immaculata na marehemu Mzee Clavery. Alikulia migombani, mbwa wawili nyuma yake popote aendapo, hata kanisani, mpaka katekista akamwambia achague moja: misa au mbwa. Alichagua misa, lakini mbwa akawafunga chini ya dirisha ili nao wasikie.

Shule ya msingi alisoma hukohuko nyumbani, sekondari akamalizia Bukoba, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, alikohitimu tiba ya wanyama mwaka 1997. Mwaka uliofuata aliajiriwa wilayani Magu, na huko ndiko kesi ilikoanzia.

Mwaka 2001 alikuwa akimchumbia Tereza, binti wa Mzee Mayala, mfugaji wa Kisesa. Mzee alikuwa na mbwa wa zizini aitwaye Jimi, aliyeota uvimbe begani. Kijana wa watu, akitaka kujionyesha ukweni, akaubonyeza mara mbili kwa vidole na kutabasamu: "Mafuta tu, baba. Hauna shida." Loo! Miezi saba haikupita, Jimi akawa amezikwa. Ilikuwa saratani, imejificha ndani ya mafuta. Mzee hakupiga kelele. Alisema tu, "Umeniulia mbwa kwa vidole," na tangu siku hiyo hakuwahi kumwita Daktari. Alimwita Bwana Vidole.

Binti alimpa, tusimwonee mzee. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 27 Septemba 2003, na Mungu akawajalia watoto watatu: Jonathan, Hellen na Selina. Lakini kila sikukuu, kabla ya chakula, mzee aliuliza mbele ya wageni, "Bwana Vidole, ile kesi ya Jimi unasemaje?" Watu walicheka, na marehemu alicheka nao. Tereza peke yake ndiye aliyejua yaliyokuwa moyoni mwake. Jambo hilo lilimuuma, jamani. Alitaka sana baba mkwe amsamehe.

Ndiyo maana, alipofungua kliniki yake hapa Buswelu, hakumruhusu mtu kutamka "mafuta tu" bila picha ya ndani ya mwili. Hospitali moja ya binafsi jijini ilimkubalia atumie mashine yao ya CT scan Jumapili mchana, wagonjwa wakiisha, kwa sharti kwamba aisafishe mwenyewe. Mbwa alichomwa sindano ya usingizi, akalazwa, na pembeni yake marehemu akaweka kichupa cha samli. Wataalamu wa mionzi walimcheka sana. Akawaeleza kwamba samli ni mafuta matupu, na kwenye picha hutoka nyeusi. Uvimbe ukitoka na weusi uleule mahali pote, basi huenda ni mafuta kweli. Ukiwa na mabaka meupe ndani, hapo pana neno, kikatwe kipande kipimwe. Mashine ilikuwa na namba zake za kupima hayo, sahihi kuliko samli, naye alizisoma vizuri tu. Ila samli ile ilikuwa ya ng'ombe wa mkwewe, na hakukubali kuiacha.

Mwaka 2021 mbwa mwingine wa mzee, Bosi, aliota uvimbe pajani. Majirani walishauri auawe asiteseke. Mzee akamleta kliniki. Picha ilionyesha weusi safi kama wa samli, lakini mafuta yalikuwa yamepenya katikati ya misuli, mahali ambapo vidole visingefika. Marehemu akajua pa kukata na pa kuacha, na Bosi akapona na mguu wake. Tukadhani kesi imekwisha. Wapi! Mzee alisema, "Huyu amepona, sawa. Jimi je?"

Mwishoni mwa mwaka 2024 figo zilianza kumsumbua marehemu. Alipolazwa mara ya mwisho, mzee alikuja kila siku kutoka Kisesa. Jumanne jioni marehemu alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, kisha akamuuliza kwa sauti ndogo, "Baba, kesi yangu imefikia wapi?" Mzee akamjibu kwa utani wao uleule, "Lala kwanza. Hukumu nitaisoma kesho." Alfajiri ya Jumatano, tarehe 9 Julai 2025, Daktari alifariki dunia. Mzee alifika saa tatu asubuhi, akakuta kitanda kimeshatandikwa.

Ameacha mjane, Tereza, watoto watatu, mama yake mzazi, mdogo wake Annet, anayewasomea wasifu huu, na Bosi, ambaye wazee wa ukoo walisema asiandikwe, nasi tukamwandika. Ameacha pia mkwewe, Mzee Mayala, mwenye umri wa miaka themanini na minane, aliyekaa pale mbele. Mzee ameomba maneno yake yasomwe mwisho, kama alivyoyatamka:

"Kesi ya Jimi nimeifuta. Niliifuta siku nyingi, ila nilipenda kumsikia akijitetea. Pumzika kwa amani, Daktari."