Aliyekuwa Chini ya Meza ya Rais

Dada yetu mkubwa alizaliwa tarehe 3 Juni 1958, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshonaji. Sisi wadogo zake tulimwita Spika, maana akiingia yeye, nyumba nzima kimya.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, akasomea uhazili. Mwaka 1984 aliajiriwa na kituo cha televisheni kupiga chapa miswada ya tamthilia. Kila neno alilolipiga chapa lilimkaa kichwani, hata lisilomhusu.

Huko alikutana na mwigizaji mmoja mrefu, mpole, asiyejua kuchemsha hata maji. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987. Shemeji ndiye yule Rais wa tamthilia mliyemtazama kila Alhamisi.

Sasa niseme jambo ambalo dada alinikataza kulisema akiwa hai. Mwaka 2008 shemeji alipata kiharusi. Mwili ulipona, lakini maneno yakawa yanamponyoka. Mwongozaji akapanga Rais afe kwa ajali ya gari. Dada akamfuata ofisini: "Mpe sehemu moja tu. Akishindwa, muue." Tarehe 14 Machi 2009 wakarekodi ile hotuba ya Rais kuliomba radhi taifa. Dada alikuwa amejikunja chini ya meza, muswada mapajani, akimnong'oneza sentensi moja moja. Fundi sauti alijua, akaifuta sauti ya dada. Ule ukimya mliousifia, Rais alikuwa anamsubiri mkewe. Na yale machozi? Jamani! Dada alibanwa na msuli wa mguu, akalikamata goti la mumewe kwa kucha zote. Rais akatawala miaka sita zaidi, bila uchaguzi hata mmoja.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani. Maumivu aliyavumilia, chakula cha hospitali hakukisamehe. Shemeji alimsomea gazeti kila asubuhi, na alipokwama, dada alinyamaza makusudi. Nikamwuliza, mbona humsaidii? Akasema, "Nitamsaidia mpaka lini? Maneno anayo. Mwache ayatafute." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake, mimi nikiwa kitinda mimba. Inatuuma mno. Shemeji ataongea baada yangu. Karatasi niliyomwandikia amenirudishia. Akinyamaza katikati, nawaomba asitokee mtu wa kumsaidia.

Pumzika kwa amani, dada. Tutamsubiri.