Nusu ya Duka ni ya Tsuyu

Zimeni kwanza hilo jiko huko chini. Masaru, shuka ukazime mwenyewe, maana nasikia harufu ya kabichi inaungua, na sijafanya kazi miaka hamsini ili nife nikinusa kabichi iliyoungua. Umerudi? Haya, kaa. Fumie, mke wa mwanangu, niinue kidogo, weka mto huo mgongoni, hapo hapo. Na wewe Chinatsu, mjukuu wangu, acha kulia, bado nipo, na kilio chako kitanivuruga nisahau nilikuwa naanzia wapi. Leo nasema peke yangu. Mwenye swali alimeze, mwenye hasira azitunze mpaka nimalize, kisha mnaweza kugombana mnavyotaka mimi nikiwa sipo.

Naanza na vitu kwa sababu vitu ni vyepesi. Bamba la chuma la kupikia ni lako, Masaru. Lilikatwa na marehemu Kurihara kutoka kwenye mabaki ya chuma cha meli, mwaka mmoja baada ya vita, akaniletea akiliburuta kwa kamba barabarani kutoka karakana ya meli mpaka hapa, na hakutaka chochote ila ale bure siku za mvua, na mvua mji huu mnaijua. Usiliguse kwa sabuni hata siku moja. Fumie, kimono zangu mbili nzuri ni zako, na ile ya rangi ya majivu nizikeni nayo. Najua sikuwa mama mkwe mwepesi. Nilikusema mbele ya wateja kwamba unakata kabichi nene kama unalisha farasi, na ukaendelea kuikata nene vile vile, na watu wakaipenda. Nilikosea, basi, nimesema.

Chinatsu, chukua kile chuma chenye mashimo ya mviringo, uoke hizo chapati zako tamu, nene, za maziwa na asali, na upake hiyo malai juu kama wanavyotaka vijana wenzako. Baba yako atasema harufu ya sukari itaharibu duka. Mwache aseme. Ni unga na maji tu, jamani! Mimi nimeula unga huu kwa kila sura. Nilipokuwa mtoto ilikuwa chapati nyembamba, majani ya kitunguu kidogo na samaki mkavu wa kusaga, inakunjwa ndani ya gazeti, unakula ukikimbia. Nimekula zile mbili zinazofunika maharage matamu katikati. Nimekula ile ya majimaji ya Tokyo aliyotupikia baba yako aliporudi kutoka huko, ambayo Kurihara aliitazama kwenye chuma akasema, "Masaru, mlevi gani amepita hapa?" Na hii yetu iliyowalea wote, unga chini, mwembamba, kabichi rundo zima, machipukizi ya choroko, nyama ya nguruwe, unapindua, tambi, yai, kila kitu na tabaka lake, hakuna kuchanganya. Watu wa Osaka huchanganya yote ndani ya bakuli kabla ya kumimina, na sisi huwacheka, na kicheko hicho ndicho kimenileta kwenye jambo lenyewe.

Jambo lenyewe ni jina lililo juu ya mlango.

Niliwasikia wiki iliyopita. Mnadhani sakafu hii ni ya zege? Mnataka kushusha kibao mpake kingine kikubwa chenye taa, kiandikwe "Hiroshima-yaki", kwa ajili ya wageni wanaoshuka kwenye treni, jina ambalo sisi wenyewe hatujawahi kuita chakula chetu. Sikatai taa. Lakini Fumie ulisema, "Hivi huyo Tsuyu-chan ni nani siku hizi? Wateja hawamjui." Ulisema kweli. Hawamjui. Masaru anamjua kwa jina tu, kwamba ni dada yake, kwamba alikuwa na miaka mitano na yeye Masaru ana mwaka mmoja siku mji ulipoungua, na kwamba mimi, mama yao, nilipotezana naye darajani kwenye msongamano wa watu. Ndivyo nilivyomwambia. Na Masaru anajua kwa nini niliandika hilo jina. Mtaa huu wote ulikuwa hivyo wakati ule, vibanda vya wajane, na kila kibanda kina jina la mtu aliyepotea, lenye "chan" mwishoni kama tunavyowaita watoto, ili aliye hai akipita asome, aingie, aseme ni mimi. Tulikuwa tunapika huku tunaita watu.

Sasa sikilizeni vizuri. Aliingia.

Usinishike mkono, Masaru. Niache niseme.

Ilikuwa masika, mwaka wa sitini na mbili, wewe una miaka kumi na minane, uko karakana ya meli kazini. Saa nane mchana, wa chakula cha mchana wameshaondoka, amebaki Kurihara na wenzake wawili. Akaingia msichana mwenye koti la buluu na glavu, akakaa pale mwisho, akaagiza, na akaomba na wali. Na wali! Kurihara akamgeukia, "Dada, unga kwa wali? Una mapacha tumboni?" Wakacheka wote. Msichana naye akacheka, akasema kwao Osaka ndivyo wanavyokula, akanitazama nikipanga tabaka zangu, akauliza, "Mama, mbona huchanganyi?" Hapo walicheka mpaka wakagonga meza. Akala yote, akangoja wanaume waondoke. Kisha akasema kwamba dereva mmoja wa lori alimwambia kuna duka huku lina jina lake. Aliokotwa Hiroshima, akalelewa Osaka na mtu na mkewe wasiokuwa na mtoto, na alichobaki nacho ni jina, kwa sababu alikuwa akilitaja mwenyewe walipomuuliza. Anaitwa Tsuyu.

Walikuwa wamekuja wengine kabla yake. Ninyi hamkuambiwa. Waliopotea walikuwa wengi, na wengine walikuwa na njaa tu wakataka mama yeyote. Kwa hiyo nilikuwa na swali langu la kuwapima. Nikamuuliza, siku ya sikukuu ya hekalu, mwaka wa mwisho wa vita, mama yako alikununulia nini? Akafunga macho, akasema, "Kaitenyaki."

Mnaona? Kile kikeki cha mviringo chenye maharage matamu, sisi hapa ni nijuyaki, tangu bibi yangu mpaka leo, hakuna mtoto wa mji huu anayekiita vingine. Kaitenyaki ni neno la Osaka. Nikamwambia, mtoto wangu angesema nijuyaki. Nikamwambia, wewe si wangu, pole sana, nenda. Hakubisha. Akaandika anwani yake kwenye karatasi ya kufungia, akaiacha kaunta, akainama, akatoka. Nami nikasugua chuma.

Miaka sita baadaye ulirudi kutoka Tokyo, Masaru, umevaa suruali ile nyembamba ya ajabu. Tukaenda sikukuu, ukasimama mbele ya kibanda ukasema, "Mama, ninunulie imagawayaki." Neno la Tokyo la kikeki kile kile. Mtoto niliyemzaa, niliyemlea hapa hapa, miaka mitatu tu ugenini na neno limemtoka mdomoni. Utakumbuka nilikaa chini barabarani, ukadhani ni moyo, ukanibeba. Mtoto wa miaka mitano, miaka kumi na saba Osaka, angesema neno gani jingine? Nilimfukuza mwanangu kwa sababu ya jina la keki.

Fumie, nipe maji. Kidogo tu. Asante.

Ningeweza kuishia hapo. Nilikusudia kuishia hapo, mseme maskini bibi, alikosea, nani asingekosea, mkaniwekea maua. Na mngenionea huruma. Lakini haikuwa hivyo.

Hakusema kaitenyaki tu. Alisema, "Kaitenyaki, lakini ndani hamkuwa na maharage. Kilikuwa kiazi kitamu. Nililia." Mwaka ule sukari haikuwepo nchi nzima, mwenye kibanda akajaza kiazi, na mtoto wangu alikiuma akapiga kelele mbele ya watu wote kwamba ametapeliwa. Nani mwingine anajua hilo? Hakuna mwingine. Sikuhitaji hata hilo. Nilimjua aliposhika mlango. Nilimjua alipovua glavu ale, maana mkono wake wa kulia ngozi ilikuwa imejikunja mpaka kwenye kiwiko.

Huo mkono ndio niliokuwa nimeushika mimi.

Masaru, ulikuwa mgongoni. Tulikuwa tunakwenda mtoni, na kila nikimvuta ngozi inateleza, naye analia, na moto unakuja nyuma yetu. Tulipofika darajani akakaa chini. Hakuna msongamano uliotutenganisha. Watu walikuwepo, ndiyo, lakini walikuwa wakipita kimya kimya, polepole, kulikuwa na nafasi ya kutosha. Akakaa chini akasema, "Mama, ngoja." Sikuweza kubeba wawili. Labda ningeweza. Sikujaribu, mwanangu, na hilo ndilo. Nilifungua vidole vyangu nikaenda. Aliita tena, mara mbili nilisikia, na sikugeuka, kwa sababu nilijua nikigeuka nitarudi, na nikirudi wewe utakufa.

Usiinamishe kichwa. Uso juu, nikuone. Hukuomba kubebwa. Hii si yako kuibeba, ni yangu, na nimeibeba.

Kwa hiyo miaka yote ile niliweka jina lake juu ya mlango na kila siku nikaomba aingie, na kila siku nikaogopa ataingia. Hayo yote mawili yalikuwa kweli. Alipoingia hakuja na lawama. Mnajua aliniuliza nini kabla sijamfukuza? Alisema, "Sitaki kitu chochote. Nataka kujua tu kama nilikuwa na mama aliyenitafuta." Na mimi, mwenye kibao chenye jina lake nje, nikashindwa kusema ndiyo. Nilidhani nikisema ndiyo atauliza swali linalofuata. Nikashikilia neno la Osaka kama mtu aliyeshikilia nguzo, nikamtoa nje.

Mmewahi kuniuliza kwa nini kwenye madhabahu yetu ya humu ndani kuna kibao cha jina la marehemu baba yako, Masaru, na hakuna cha Tsuyu. Mtawa alinigombeza, ndugu walinigombeza, mkasema mama bado ana matumaini. Matumaini gani! Mama gani atamwandikia mwanawe kibao cha wafu na anajua yuko hai Osaka? Vuteni droo ya chini ya madhabahu. Karatasi iko pale, imekunjwa mara nne. Sikumwandikia barua. Miaka thelathini na minne, na kila mwaka nilisema mwaka huu.

Haya, maagizo, maana pumzi inaniishia.

Nusu ya duka hili, nyumba na kiwanja, ni ya Tsuyu. Nimeshatia mhuri wangu kwenye wosia mbele ya wakili, Masaru, huwezi kubadili, na ukinuna, nuna nje. Kama amekufa, ni ya watoto wake. Kibao kibaki mpaka mmpate au mjue hayupo, kisha andikeni mnachotaka, na taa zenu.

Mtakwenda wote watatu. Msimpigie simu, msimwandikie. Mwende. Msimpime kwa swali lolote. Anachokumbuka ndicho. Akisema kikeki kile kinaitwa kitu fulani, ndicho kinaitwa hicho. Na msimwambie mama alikosea, mkinipenda msiseme hivyo. Mwambieni mama alikujua. Mwambieni yote, na darajani pia. Masaru, darajani useme wewe, kwa mdomo wako... Akifunga mlango, msigonge mara ya pili. Inameni, mrudi.

Nifunikeni miguu. Baridi.

Fumie, umenivumilia, nakupa radhi zangu zote, kabichi yako na iuzike. Chinatsu, radhi zangu, uolewe na mtu anayekuchekesha, au usiolewe. Masaru, mwanangu wa mgongoni... radhi, radhi, ulikuwa mwepesi kubeba. Wewe ulikuwa mwepesi sana.

Na Tsuyu. Mama akifa huwaachia watoto wake radhi. Yeye... siwezi kumwachia. Si mimi wa kumpa. Mwambieni mama anamwomba yeye. Ampe mama yake radhi, kama anayo. Mkiipata, njooni kaburini mniambie. Akikataa... akikataa, msije mkanidanganya.

Chinatsu. Droo. Isome hiyo anwani, kwa sauti. Polepole.