Aliyetoka Kila Alfajiri

Wapendwa waombolezaji, wasifu huu ulikuwa usomwe na kikundi cha mazoezi cha Goba Juu, maana walikwisha kuuandika. Nimewakatalia. Mjane ni mimi. Nimeishi naye miaka arobaini na mitano. Wao walikuwa naye miaka saba, tena asubuhi tu.

Marehemu Gozbert Rwechungura alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, Kamachumu, Muleba, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha sekondari mjini Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1973. Mwaka uliofuata alikuja Dar es Salaam akaajiriwa karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, Temeke. Hapo alifanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2014.

Tarehe 8 Septemba 1979 alifunga ndoa na Benedicta, yaani mimi. Mungu alitujalia watoto wawili, Lusungu na Fransis. Alikuwa mume mpole, asiyependa kutokatoka. Hata sokoni hakwenda bila mimi.

Mwaka 2018 presha ilimpanda, akaanguka bafuni. Daktari alimwambia apunguze chumvi, ale mboga, alale mapema na atembee nusu saa kila siku. Ndipo alipojiunga na kikundi hicho, kinachoongozwa na jirani yetu Sista Jenipher, muuguzi mstaafu. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameshafunga kamba za raba. Kila siku aliniuliza, "Mama Lusungu, twende?" Nami kila siku nilimjibu, "Nenda na wenzako."

Niliona wivu, sifichi. Nilimpikia karibu miaka arobaini, sikuwahi kusikia neno kuhusu chumvi. Sista alisema mara moja tu, ikawa sheria. Siku moja nilijaza chumvi kwenye mchicha makusudi. Alionja, akanitazama, akasogeza bakuli pembeni, akala ndizi tupu. Nisamehe, Baba Lusungu.

Presha ilitulia. Lakini Januari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini, na tarehe 3 Juni 2025, saa nane mchana, alifariki dunia nikiwa nimemshika mkono. Daktari alisema moyo wake ulikuwa mzima hadi mwisho.

Jana Sista Jenipher alikuja na daftari la mahudhurio. Kumbe kabla ya kuanza kutembea huwa wanaitana majina, na langu lilikuwamo tangu siku ya kwanza. Gozbert ndiye aliyeniandikisha.

"Nikiita Benedicta, anaitika yeye," Sista aliniambia. "Anasema, 'Yuko njiani.' Miaka yote saba, mama. Tukicheka, ananuna kabisa."

Nilidhani wivu wangu ungeisha hapo. Haukuisha. Sasa namwonea wivu huyo Benedicta wa daftarini, aliyesubiriwa kila alfajiri huku mimi nimejifunika shuka.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, na kikundi kizima cha Goba Juu, ambacho nimekubali kukiandika hapa kwa mkono wangu.

Matanga yakiisha, Sista Jenipher, ita jina langu. Safari hii nitaitika mwenyewe.

Baba Lusungu, upumzike kwa amani.