Mikono Juu ya Mabati

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Nimesimama mbele yenu na nywele zinazoota upya, laini kama za mtoto mchanga, kusema kwamba Mungu ni mwema.

Mnanijua, mimi Mama Akinyi, fundi wa cherehani wa Kisumu Ndogo, hapa Kibera. Nilikuwa na saratani ya titi. Dawa niliyotiwa mshipani iliupiga ugonjwa, lakini ilimaliza pia kinga ya mwili wangu. Daktari akanionya kwamba hata mafua yangeweza kuniua. Kisha mafua makali yakaingia Kibera, yakapita nyumba hadi nyumba kama mtu anayehesabu milango.

Nanyi kina mama wa ushirika mna desturi njema, mgonjwa haachwi peke yake. Jumatano mkaja kumi na wawili katika chumba changu kimoja, mkaniwekea mikono kichwani, mkaimba, watatu wenu wakikohoa. Nilinyamaza. Niliogopa kuitwa mtu asiye na imani. Siku ya tatu nilikuwa hospitalini, kila pumzi naivuta kama ndoo nzito kutoka kisimani.

Ndugu zangu, Mungu alinitoa huko! Lakini mafua yalikuwa bado mtaani, na Jumatano ya kwanza baada ya kurudi nyumbani nikasikia nyimbo zenu zikikaribia. Nikatia komeo. Mama Rispa, kiongozi wetu, akagonga, akauliza kama ni shetani amenifungia ndani. Nililia kwanza, ndipo nikasema:

"Mama Rispa, nawapenda. Lakini mkiingia na hayo mafua, mtarudi kunizika."

Nikamsikia Mama Rispa akivuta kamasi.

"Si ungesema, Mama Akinyi! Na hii pua yangu, wewe wa kuombewa kutoka mbali, mtaa wa Ayany kabisa."

Mkacheka, nami nikacheka katikati ya machozi. Halafu mkaweka mikono juu ya mabati ya ukuta, nje, mkaomba. Mimi nikaweka viganja vyangu upande wa ndani, nikahisi ukuta mzima ukitetemeka kwa sauti zenu. Hofu ikanitoka siku hiyo! Mkaja hivyo kila Jumatano, mkiacha uji mlangoni, hadi mafua yakapita na dawa yangu ya mwisho ikaisha.

Wewe unayeugua na kuona haya kufunga mlango, funga, na uwaambie wapendwa wako sababu. Mtumaini Mungu. Bati halijawahi kumzuia.