Kufuli na Daftari la Matusi

Wasikilizaji wapendwa, karibuni mketi. Leo tunamkumbuka Kufuli, na nawaambia mapema kwamba hadithi yake ilituchanganya sote hapa studio. Ilimchanganya zaidi binti yake, muuguzi, ambaye ndiye aliyetuletea na kuturuhusu tuisimulie.

Kufuli alikuwa fundi wa vitasa na funguo. Mchana alikaa kwenye kibanda chake na tupa mkononi, anachonga funguo za watu. Jioni za mapambano alipanda jukwaani kuchana. Wasioujua mchezo huo, ni hivi: wachanaji wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja anamponda mwenzake kwa mistari yenye vina, na ukumbi unaamua nani kamnyamazisha nani. Kufuli aliwanyamazisha watu kwa miaka ishirini na sita. Narudia, miaka ishirini na sita. Utamtukana kichwa chake kikubwa, utamtukana suruali yake, yeye anatabasamu tu kama anayesomewa barua ya zamani. Kisha anakujibu, na wewe unatafuta mlango.

Siku mbili kabla ya mazishi, binti alikuwa anatafuta kitambulisho cha baba. Akavuta droo ya chini, akatoa rundo la funguo mbovu, na chini yake akakuta daftari. Akalifungua. Lilikuwa limejaa matusi, ukurasa baada ya ukurasa, na yote yalimhusu baba yake.

Kilichomkata maini si matusi yenyewe. Ni mwandiko. Ulikuwa mwandiko wa mama yake, karani wa shule, marehemu sasa mwaka wa sita. Mama ambaye ofisini hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameandika: "Umekasirika. Rudia."

Binti alikaa sakafuni na daftari mapajani. Alijiuliza kama nyumba aliyokulia ndiyo hii kweli. Aliwaona wazazi wake wakicheka miaka yote, kumbe mama alikuwa anamchukia baba kimyakimya, tena kwa vina? Na keshokutwa yeye ndiye wa kusimama mbele ya watu aseme marehemu aliishi vipi na mkewe. Angesema nini? Alituambia hakulala, na chai yenyewe ilimshinda.

Asubuhi ya mazishi akafika mjomba wake, kaka wa mama, kinyozi. Binti alimvuta jikoni, akamwekea daftari mezani. Mjomba alivaa miwani. Akasoma. Mabega yakaanza kumtikisika, binti akadhani analia.

"Mwanangu," akasema, "tazama tarehe."

Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, na kila tarehe ilikuwa siku tatu au nne kabla ya pambano. Mjomba akamweleza. Mama ndiye aliyekuwa mwalimu wa Kufuli. Kabla ya kila pambano walikaa kwenye meza hiyohiyo ya jikoni, naye akamponda mumewe kwa kila aibu anayoijua, na mke anazijua zote. Fundi akikasirika, anarudiwa. Hapandi jukwaani mpaka ayasikie yote huku anatabasamu. Ndiyo maana mtoto alikuwa anapelekwa kwa mjomba siku hizo, eti baba apumzike. Akirudi anamkuta mama sauti imekauka, na baba anapiga mluzi.

"Mbona hamkuniambia?" binti akauliza.

"Ilikuwa siri ya kazi. Na baba yako aliogopa wapinzani watamfuata mama yako awafundishe na wao."

Sasa hapa nami nina deni la kuomba radhi. Mnakumbuka pambano lake la mwisho, miezi michache baada ya kumzika mkewe. Kijana mmoja alimtania upara tu, mstari wa kawaida kabisa. Kufuli akafoka, sauti ikamkatika, akashuka. Nilisema kwenye redio hii hii kwamba Kufuli ameshika kutu. Nilisema, watu wakacheka. Sikujua nilichokuwa nakisema.

Maana ukurasa wa mwisho wa daftari una mwandiko mwingine, mzito, wa mtu aliyezoea tupa. Kufuli alijaribu kujitukana mwenyewe. Mistari mitatu. Chini yake akaandika: "Hayachomi. Bila yeye siwezi."

Kaburini, binti alipoitwa kusema, alifungua daftari akasoma maneno ya mama yake:

"Unafungua milango ya watu, wa kwako umekushinda,
choo chako hakina kitasa, mgeni anaimba huku anajilinda."

Watu walitazamana. Hawakujua kama walichosikia ndicho kilichosomwa. Kisha mjomba akacheka, wakafuata majirani, na binti ndipo akalia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze.

Kwa binti, kwa mjomba na kwa familia nzima, poleni sana. Tumempoteza Kufuli, na tumempoteza pia mwalimu wake, ambaye hatukuwahi kumpigia makofi. Nanyi mnaonisikiliza, mtazameni leo huyo wa nyumbani anayewaambia ukweli mpaka mnanuna. Mkae naye kidogo.

Choo bado hakina kitasa. Binti anasema hatakiweka. Juzi tulikwenda kutoa pole, wasikilizaji wapendwa, na mimi pia niliimba.