Siku Seremala Aliposhinda

Waliokuwepo kwenye benchi la kahawa mchana ule ni hawa: Kinyozi, ambaye kibanda chake cha kazi kinatazamana na benchi na aliyekuwa ametoka mara moja kunywa kikombe, mteja akimsubiri ndani, dereva mstaafu aitwaye Breki, kwa kuwa hakuna hadithi asiyoikatiza, Fundi Saa, na Muuza Kahawa, ingawa yeye hakai. Seremala alikuwa ndiyo kwanza ameondoka. Amemwoa dada yake Kinyozi, na mtaa mzima ulijua mambo yake mawili: hakosi kubashiri mechi, na humpiga mkewe. Benchi lilikuwa na utaratibu wake. Timu zake zikifungwa, walimkalisha katikati, wakammiminia kahawa na kumpigisha soga mpaka hasira zishuke, ndipo wakamwachia aende nyumbani. Waliuita kumpoza. Leo timu zake zote zilishinda. Walimpigia makofi, wakamwachia.

— Leo hatuna kazi, alisema Breki akijinyoosha. Dada yako anakula raha tu, Kinyozi.

— Na iwe hivyo.

Moyo wa Kinyozi ulikuwa umetulia kuliko siku nyingi.

— Mimi jambo hili nimelichunguza, alisema Fundi Saa. Shemeji yako si mtu mbaya. Ni ile simu. Mwanga wake unaingia machoni, unashuka mpaka mkononi.

— Mwanga gani, bwana! Ni makipa. Kipa akifungwa dakika za mwisho, mikono inakufa ganzi. Zile nguvu zinakwenda wapi? Zinamhamia aliyeweka dau.

— Kwa hiyo, Breki, kipa ndiye anayempiga dada wa watu?

— Kwa mbali, ndiyo.

— Kunywa kahawa wewe, umeanza kuchemka.

— Cheka tu. Siku makipa watakapopigwa marufuku, ndoa zitapona.

Hata Kinyozi alicheka.

Mshonaji mmoja, mwanamke aliyehamia mtaani juzijuzi, alikuwa amesimama akisubiri chupa yake ijazwe kahawa.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Samahani. Huyo mnayemsema, akishinda hampigi?

— Akiliwa dau lake ndipo anapompiga, alisema Breki kwa upole. Ndiyo maana tunampoza.

— Hilo nimelisikia. Nauliza akishinda.

Fundi Saa alianza kufuta miwani isiyo na vumbi.

Kinyozi alikumbuka. Mkono wa dada yake ulivunjika wiki ileile Seremala alipoliagizia benchi zima kahawa kwa furaha ya ushindi. Dada alisema ameteleza bafuni. Kisha, akiwa anajifunga kanga kwa mkono mmoja, akaongeza neno ambalo kaka yake alilichukulia kuwa mzaha: pesa ya ushindi, ukiiomba ilipie kodi ya nyumba kabla haijarudi kwenye mechi, unaonekana mwizi.

— Mjibuni basi mgeni, alisema Muuza Kahawa.

Kinyozi aliinuka, akakiacha kibanda wazi, mteja akiwa ndani amenyolewa nusu kichwa, akakimbia kuelekea kwa dada yake. Nyuma yake Breki alikuwa akisema, kwa sauti ndogo, kwamba bila shaka hakuna lolote.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ilibidi majirani wasaidie kuuvunja.

Dada yake Kinyozi alifariki jioni ile, njiani kuelekea hospitali.